Viwiko Mbavuni

Siku niliyokwenda kufanyiwa majaribio katika kundi moja la wachezaji hapa Dar es Salaam, yule aliyekuwa akitupima alinitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Dogo, mbona unacheza kama umebanwa kwenye daladala?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ingawa roho iliniuma kwelikweli.

Sikuchaguliwa. Njia nzima nikawa najiuliza, daladala hiyo nimeipandia wapi? Ndugu msomaji, jibu lilikuwa chumbani kwangu Mbagala. Humo mna kitanda, ndoo mbili za maji na nafasi ya kupiga hatua moja na nusu. Simu naiegemeza kwenye ndoo, najifunza mitindo ya vijana wa Lagos na Johannesburg. Nikinyoosha mkono nagonga ukuta, basi viwiko vimezoea kukaa mbavuni. Tena simu ikisimama wima picha inakuwa nyembamba. Ukisogea pembeni umeshapotea. Na kwa kuwa namfuata mchezaji kama ninayejitazama kwenye kioo, kulia kwake ndiko kushoto kwangu.

Nilidhani dawa ni kuiga zaidi. (Hata kuandika nilianza hivyo hivyo: nilimwiga Elvis Musiba mpaka wapelelezi wangu wote wakawa Willy Gamba aliyebadilishwa shati.) Kisha nikasoma habari za Tofo Tofo, vijana wa Msumbiji. Beyoncé aliwaona kwenye YouTube, akautaka uchezaji wao kwa video ya "Run the World (Girls)" ya mwaka 2011. Wenzake huko Marekani wakajaribu kuuiga, wapi! Ikabidi vijana wenyewe watafutwe, wasafirishwe, wafundishe na kucheza. Hebu fikiria: picha unayo, unairudisha nyuma hata mara mia, kila hatua unaiona, lakini kuna kitu kimebaki Msumbiji miguuni mwa wenyewe.

Siku hizi nikishajifunza mtindo nazima simu, nacheza gizani nione mwili umebakiza nini. Hubakiza kidogo tu: mabega, viwiko, ile hatua moja na nusu. Juzi nilicheza hivyo uwanja wa mpira, nafasi tele, na mikono bado haikufunguka. Mshikaji wangu akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo sasa ni yako."

Sikumuuliza kama ananisifu. Kundi lile linafanya majaribio tena mwezi ujao, na jina nimeshaandikisha. Viwiko sijaamua.