Coco Beach: Jua Kali, Upepo Mtamu

Jumapili za Januari, Coco Beach jijini Dar es Salaam hunukia mihogo ya kukaanga. Watoto hukimbilia maji, wazazi hutafuta kivuli. Upepo wa bahari hudanganya: mtu huhisi ubaridi huku jua likiendelea kumuunguza. Unyevu hewani nao huchelewesha jasho kukauka, hivyo mwili hupoa kwa shida.

Mzazi, jua la saa nne hadi saa kumi ndilo kali, nenda jioni. Mvalishe mtoto kofia pana, mpe maji kabla hajalalamika kiu. Akilegea au mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, msogeze kivulini, mnyweshe. Akichanganyikiwa au akizimia, usimnyweshe. Mmwagie maji mwilini, mwahishe hospitali. Bahari ipo hata Jumapili ijayo.