Farasi Mwera? Muulize Kwanza Mbung'o!

Msomaji wangu, hebu fumba macho kidogo. Alfajiri, jua linachomoza baharini, mchanga mweupe wa Pangani hauna hata alama ya mguu. Wewe uko juu ya farasi, shati linapepea, na mchumba wako kakushika kiuno nyuma. Mambo ya sinema! Bomba, sivyo?

Haya, fumbua macho. Kuna mdudu mmoja mdogo, hazidi kucha ya kidole chako, ambaye hajapewa mwaliko kwenye hiyo picha lakini atakuja. Na akija, wewe utarudi mjini na picha zako. Farasi huenda asirudi.

Hayo nilikuwa siyajui mpaka Agosti 2022, nilipopigiwa simu na bwana mmoja wa Dar. Jina lake tuliache, bado tunasalimiana. Ana mshiko, ana farasi wawili, na ana marafiki wanaopenda kujirusha.

"Wewe si mtoto wa Tanga?" akaniuliza. "Nataka kiwanja cha kupiga kambi kule Mwera. Watu kumi na wawili, farasi wawili, siku tatu. Sitaki hoteli, nataka shamba. Nitafutie mahali ambapo farasi watakuwa na raha."

Malipo ni laki moja. Nusu ikaingia kwenye simu kabla hata sijamaliza kusema ndiyo. Nilikuwa na deni la chumba la miezi miwili, kwa hiyo ile hamsini haikulala. Mimi na farasi? Nilikuwa nawaona kwenye luninga tu. Lakini kazi ni kazi bwana.

Nikatoka Tanga mjini asubuhi. Mpaka Pangani ni kilomita zipatazo 50, njia nzima mkonge na minazi. Nikavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni, nikakodi boda, tukashika barabara ya kusini inayokwenda Mkwaja na Saadani. Dereva wangu alikuwa kijana wa hapo hapo. Nilipomwambia natafuta malazi ya farasi alicheka karibu tuingie mtaroni.

"Farasi? Huku? Mambo ya mifugo twende kwa Babu."

Babu tulimkuta kibarazani, anasuka kamba. Ujana wake kaumalizia ranchi ya Mkwaja, akichunga ng'ombe. Pembeni ya nyumba kafunga punda mmoja mwenye dharau usoni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

Nikaeleza shida yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Hao farasi wanakuja kuishi au kufa?"

Nikajua leo nimepatikana.

Babu akasema tusibishane kwa maneno, twende tukaone. Tukapanda mshikaki, watatu kwenye boda moja, mzee katikati na fimbo yake. Nilikuwa na sehemu tatu nilizoelekezwa na washikaji wa mjini, tukaanza nazo moja moja.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Ushongo, ufukweni kabisa chini ya minazi. Kwa macho ya kijana wa mjini hakuna swali. Upepo upo, kivuli kipo, bahari iko miguuni. Nikatoa simu nipige picha nimtumie tajiri. Babu akanishika mkono, akaonyesha juu kwa fimbo.

"Farasi utamfunga wapi?"

"Kwenye mnazi, Babu."

"Na nazi ikidondoka?"

Kimya. Akaendelea. Mnyama akilishwa juu ya mchanga, anaumeza pamoja na majani. Mchanga unakwenda kukaa tumboni. Na farasi, kama ulikuwa hujui, hawezi kutapika. Kikiingia kimeingia. Tumbo likimkaza ni maumivu ambayo yanaweza kumuua. Ukilazimika kumlisha ufukweni, mwekee majani kwenye karai kubwa au juu ya turubai.

Halafu maji. Farasi mmoja kwenye joto la pwani anaweza kunywa lita 30 mpaka 50 kwa siku. Farasi wawili kwa siku tatu, piga hesabu mwenyewe: ni madumu ya lita 20 yapatayo 15 hata ukichukua kiwango cha juu, na hapo hujapika wali wala hujanawa uso. Visima vya karibu na bahari maji yake mara nyingi yana chumvi. Tukachota ya pale, nikaonja. Nilitema.

La mwisho ni bahari yenyewe. Ule ufukwe mpana unaouona maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapanda kuliko kawaida. Mgeni anayefunga mnyama mchana bila kuuliza wavuvi, usiku wa manane ataamshwa na kelele.

Sehemu ya kwanza nikaifuta.

Ya pili ilikuwa ndani zaidi, upande wa barabara ya Mkwaja. Uwazi mzuri, vichaka pembeni, nyasi ndefu, ndege wanaimba. Picha ya shamba kama alivyotaka tajiri. Njiani tulipita kando ya mkonge na Babu akanionya: jani la mkonge lina mwiba nchani mgumu kama sindano, na urefu wake ni sawasawa na jicho la mnyama aliyeinamisha kichwa. Usipige kambi ya farasi kando ya mkonge, labda uweke uzio. Na uzio wenyewe usiwe seng'enge, maana farasi akishtuka hukimbia kwanza, waya anauona baadaye.

Tuliposimama tu, nikahisi kama nimechomwa na moto shingoni. Nikapiga kofi. Mwingine mgongoni. Kumbe walikuwa wanatufuata tangu tukiwa kwenye boda!

"Hao ndio wenyewe," Babu akasema, ametulia kama yuko msikitini. "Mbung'o. Na wewe umewaita kwa shati lako."

Shati langu lilikuwa la bluu. Nilidhani ananitania, baadaye nikaja kujua kuwa ni kweli tupu. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Pia wanapenda kufuata kitu kinachotembea, iwe gari, ng'ombe au mjinga kutoka mjini.

Mbung'o akimuuma mnyama anaweza kumwachia vijidudu vya nagana. Mnyama anapata homa, damu inapungua, anakonda huku anakula, mwisho anaanguka. Ng'ombe anaumia, punda anaumia lakini hujikongoja zaidi. Farasi ndiye dhaifu kuliko wote hao.

Babu alikaa juu ya gogo akatuhadithia Mkwaja. Ile ranchi ilianza miaka ya 1950, ikawa na ng'ombe kwa maelfu. Kazi yao kubwa, anasema, ilikuwa sindano. Leo sindano, baada ya muda sindano tena, maana bila dawa ng'ombe hawasimami. Vichaka navyo vikawa vinakula malisho. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na ardhi yake ikaja kuingia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Walioshinda ni mbung'o.

Na hawakuanza jana. Umewahi kujiuliza kwa nini misafara ya zamani kutoka Pangani, Saadani na Bagamoyo ilibebwa vichwani na wapagazi, wakati Waarabu na Wazungu walikuwa wanajua farasi na mikokoteni vizuri sana? Mwaka 1876 mmisionari mmoja, Roger Price, alijaribu kupitisha maksai kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Safari ya kwanza ikampa moyo. Mwaka uliofuata walipokuja na mikokoteni yenyewe, maksai wakafa kwa wingi, ikabidi wawarudie wapagazi. Bwana wangu wa Dar alikuwa anataka kurudia kosa la mwaka 1877, tofauti ni kwamba yeye angekuja na spika.

Sehemu ya pili nayo nikaifuta. Shingo ilikuwa inawaka.

Ya tatu, msomaji wangu, haikuwa na sura. Ni uwanja mtupu karibu na nyumba za watu pale Mwera. Bahari huioni. Ardhi ngumu, vichaka vimefyekwa, mwembe mmoja mkubwa, maji baridi ya kisima yako karibu, lori linafika mpaka mlangoni. Mbuzi wanapita, watoto wanakodoa macho. Kwa picha, hovyo kabisa. Lakini Babu alifurahi. Mbung'o anapenda kichaka na kivuli chake, akikosa pa kujificha hupungua. Palipofyekwa na penye watu wengi ni afadhali.

"Kwa hiyo Babu, hapa farasi wanakaa?"

"Punda wangu anakaa. Farasi... hapa ni afadhali kuliko kule. Sijasema ni salama."

Akaniongezea usubi, wale wadudu wadogo wa jioni na usiku. Wanaeneza virusi vya maradhi ya farasi ambayo yanaweza kuua ndani ya siku chache. Na mganga wa farasi huku utamwita kutoka wapi?

Niliporudi Tanga nikaanza kuulizia, ndipo nikakutana na kichekesho chenyewe. Si unajua Zanzibar watu wanapanda farasi ufukweni? Unguja nako kulikuwa na mbung'o. Kati ya mwaka 1994 na 1997 walimwaga kwa ndege mbung'o madume zaidi ya milioni 8 waliofanywa tasa kwa mionzi. Majike wakapandwa na madume yasiyozalisha, kizazi kikakatika, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa huru. Na wale madume walifugwa wapi? Hapa hapa Tanga! Tumewapeleka wenzetu dawa ng'ambo ya maji, na sisi shingo zetu zinawaka njia ya Mkwaja. Lakini kisiwa kimezungukwa na bahari, ukimmaliza mbung'o harudi. Bara atakuja tu kutoka kichaka cha jirani.

Sasa nikabaki na kazi ngumu: simu kwa tajiri. Hamsini nilishaila, hamsini nyingine inanisubiri. Ningeweza kumtumia ile picha ya minazi, nikachukua changu, nikabwaga manyanga. Nani angejua? Mnyama akirudi Dar akaanza kukonda baada ya wiki mbili tatu, nani angenifuata mimi?

Nikamkumbuka Babu na swali lake. Nikapiga.

"Kaka, watu waje. Farasi wabaki."

Alinitukana kidogo. Akasema nimeogopa nzi, kwamba atatafuta mtu mwingine mwenye akili. Ile hamsini ya pili sijaiona mpaka kesho. Lakini mwezi uliofuata walikuja, kumi na wawili, mahema na spika, bila kwato hata moja. Sijui ni maneno yangu au ni gharama ya lori, sikumuuliza. Mizigo yao ilibebwa na punda wa Babu kwa malipo halali, na picha iliyopendwa kuliko zote ni ya dada mmoja wa mjini anayembembeleza yule punda asogee. Punda kakataa.

Kama na wewe una ndoto ya kupiga kambi na mnyama popote pwani hii, awe farasi au punda, chukua haya ya Babu:

Moja, ulizia mbung'o kabla ya kuulizia bei. Waulize wafugaji, usiulize madalali. Pili, onja maji mwenyewe. Tatu, angalia juu pana nazi, chini pana mchanga, pembeni pana mkonge au seng'enge. Nne, usimfunge kwa kamba ndefu mtini ikamzonga miguu. Tandika kamba moja juu kati ya miti miwili, umfunge hapo kwa kamba fupi. Tano, daktari wa mifugo amwone kabla ya safari, upate kibali cha kusafirisha mifugo, na ukifika ujitambulishe kwa mtendaji wa kijiji. Sita, shati la bluu liache nyumbani!

Na ukiona mahali panafaa kwa picha lakini hapamfai mnyama, wewe ndiye mwenye mdomo. Yeye hawezi kukwambia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.