"Baba, ulisema ulikuwa unacheza"

Dereva wa lori anayetoka mashariki kuingia Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani, hana nafasi ya kufurahia mandhari. Barabara kuu ya I-80 inapanda hadi mita 2,170 pale Parleys Summit, kisha inaanza kuteremka kwenye korongo mpaka mjini. Mwenye mzigo mzito mgongoni anaangalia breki na vioo vya pembeni, basi.

Lakini kwenye mteremko huo, kando kabisa ya barabara, kuna kitu ambacho hata dereva aliyechoka hawezi kukikosa. Ni nyasi za kijani zilizonyolewa vizuri, milima imezizunguka pande zote, na juu yake watu wanaonekana wadogo kama siafu, wakitembea polepole na mikoba. Baba mmoja mzaliwa wa Moshi alipita hapo kwa miaka minane. Kila akipita alijiambia maneno yaleyale: hawa ndio wenye pesa zao.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Akiwa na miaka 12 alianza kushuka kwa miguu kutoka Kibosho kila Jumamosi alfajiri hadi klabu moja ya mjini kubeba mikoba ya wachezaji wa gofu. Alikuwa kedi. Kazi ya kedi ilikuwa kubeba, kuhesabu mikwaju, kutafuta mpira kwenye majani na kunyamaza. Kupiga mpira haikuwa sehemu ya kazi. Wapo makedi wengi wa Afrika Mashariki walioanza hivyo na wakaishia kuwa wachezaji wa kulipwa, ila yeye hakuwa mmoja wao. Alipata hela ya madaftari na mafuta ya taa, akamaliza shule, akaondoka.

Kwa watoto wake hadithi hiyo ilibadilika kidogo kidogo, kama zinavyobadilika hadithi za wazazi walio mbali na nyumbani. Kwanza alisema alikuwa "kwenye gofu". Mwaka mwingine akasema alikuwa "akicheza gofu". Mwishoni ikawa sentensi kamili, inayotoka kila kijana wake wa kwanza alipoonekana mvivu: "Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nacheza gofu, Kilimanjaro iko nyuma yangu." Nani pale Utah angemkanusha?

Kijana mwenyewe ana miaka 14. Alifika Marekani akiwa na miaka sita, Kiswahili chake ni cha nyumbani tu, na kwa mwaka mzima uliopita mazungumzo yake na baba yalikuwa ya simu. Baba hupiga jioni kutoka kwenye vituo vya malori. "Shikamoo baba." "Marahaba. Hesabu umepata ngapi?" Shule nyingi za huko humwezesha mzazi kuona alama za mtoto kwenye simu yake karibu kila siku. Ni jambo zuri, na ni jambo baya pia, maana mzazi aliye kilomita 1,000 kutoka nyumbani anaweza kujiona kwamba yupo.

Mama wa nyumba hii hufanya kazi za usiku kwenye makao ya wazee. Yeye ndiye aliyeleta habari. Mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia alimsimulia kwamba kile kiwanja cha korongoni, Mountain Dell, ni mali ya jiji, sawa na bustani ya manispaa. Mume hakuamini. Ilibidi amwonyeshe kwenye mtandao. Kumbe sehemu kubwa ya viwanja vya gofu Marekani viko wazi kwa yeyote anayelipa ada ya siku hiyo. Mountain Dell ina viwanja viwili vya mashimo 18, kimoja kikiitwa Lake na kingine Canyon. Unachagua saa, unalipia mashimo tisa au 18, unakwenda. Hakuna anayeuliza nani amekudhamini. Msimu wa theluji watu huja palepale kuteleza kwa mbao za miguuni.

"Nendeni wawili," mama alisema. "Na msirudi kabla ya saa nane."

Dereva wa lori Marekani akipumzika saa 34 mfululizo, hesabu yake ya saa za kazi za wiki huanza upya. Kwa baba huyu hizo saa 34 ndizo hasa zilizokuwa maisha yake ya nyumbani. Humo alitakiwa kulala, kunyoa, kwenda kanisani, kurekebisha bomba la jikoni na kuwa mzazi. Kukata saa tatu za gofu humo si jambo dogo. Alinunua fimbo saba kwenye duka la mitumba, ndani ya mkoba wenye zipu mbovu, na Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba wakapanda korongo kwa gari dogo. Vichaka vya mlimani vilikuwa vimegeuka vyekundu na njano. Kijana alikuwa na spika za masikioni.

Kwenye kiwanja cha umma mkiwa wachache mnaunganishwa na watu msiowajua. Wao waliunganishwa na mzee wa Kimarekani aliyekuja peke yake, mpole, mwenye kofia iliyopauka. Mzee akapiga, mpira ukaenda mbali. Mahali hapo ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbele kuliko ungesafiri pwani. Kisha ikawa zamu ya baba.

Baba alipiga hewa.

Mara ya pili aliugusa mpira kwa juu, ukabiringika mita kumi hivi na kulala kwenye majani. Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Alitoa spika moja sikioni.

"Baba, ulisema ulikuwa unacheza."

"Ni zamani, mwanangu."

Kijana alipiga na yeye. Hakupiga vizuri, ila mpira uliruka.

Shimo la tatu mpira wa kijana ulisimama kwenye mwinuko, juu kidogo ya usawa wa miguu yake. Baba alikuwa amebeba mkoba. Hakupanga kusema kitu, maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ya chini ambayo kijana hakuwa ameisikia kabla. "Mpira uko juu ya miguu yako, utakwenda kushoto. Lenga kulia. Shika fimbo chini kidogo. Usiharakishe." Kijana alifanya alivyoambiwa. Mpira ulipinda kushoto angani na kutua hatua chache kutoka kwenye nyasi fupi zenye bendera.

Wanapoita grini, ile sehemu laini yenye shimo, ndipo gofu ya mlimani inapomdanganya mtu. Macho yanaona ardhi inapanda, kumbe inashuka, kwa sababu mlima wote nyuma yake umeinama na jicho halina mstari wa kulinganisha. Baba alichuchumaa. Hakuangalia shimo. Aliangalia milima, akageuka akaangalia upande lilipo bwawa, maana korongo hilo lina mabwawa ya maji ya kunywa ya jiji na maji yake yote yanatiririkia huko. Mtoto wa Kibosho hukua kando ya mfongo, mfereji ambao wazee wa Kichagga waliuchimba kushusha maji kutoka mlimani hadi migombani. Ukitumwa kuufungua mfongo shambani unajifunza mapema kwamba maji hayasikilizi unachoona wewe. Makedi wa Moshi walikuwa na somo hilohilo kwa lugha yao: mpira unaukimbia mlima.

"Utaona kama unapanda," alimwambia kijana. "Hapana. Fikiria umemwaga ndoo ya maji hapa. Yangekwenda wapi?"

Kijana alitazama kwa muda. Akaonyesha kwa kidole.

"Basi piga huko."

Baba alikwenda kushika bendera. Siku hizi, tangu 2019, sheria zinaruhusu bendera ibaki shimoni wakati wa kupiga, lakini mkono wake haukujua hilo. Aliushika mlingoti pamoja na kitambaa kisipepee, akasimama upande ambao kivuli chake hakikuugusa mstari wa mpira. Mpira ulikwenda kulikoelekezwa, ukapinda, ukasimama shubiri moja kutoka shimoni. Alipomaliza, baba alichukua reki akasawazisha mchanga ambapo mzee alikuwa amepigia, bila kuombwa.

Mzee alikuwa akimtazama. "Ulikuwa kedi," alisema. Hakuwa anauliza sana.

Juu yao malori yalikuwa yakishuka, injini zikinguruma kushikilia mwendo. Baba angeweza kusema hapana, maana alikuwa na uzoefu wa kutosha.

"Ndiyo," alisema. "Miaka minne."

"Inaonekana. Ulikuwa mzuri."

Kijana alisikia yote. Shimo la nne na la tano hakusema neno, na baba hakujua kama ni kimya cha hasira au cha aina nyingine. Mzazi wa kijana wa miaka 14 huwa hajui.

Kwenye shimo la sita mchezo ulisimama. Musi, kulungu mkubwa mwenye urefu wa farasi, alitoka vichakani na kusimama katikati ya njia akila majani kama vile amelipia. Musi akikasirika ni hatari, na wenyeji hawamsogelei. Mzee alikwenda kukaa pembeni. Baba na mwana walikaa chini karibu na mkoba.

"Kwa nini ulisema ulikuwa unacheza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Baba alifikiri. "Ya kubeba."

Kijana alichomoa jani la nyasi, akalikata vipande. "Lakini wewe unabeba mizigo. Mama anabeba wazee wa watu kila usiku. Kwani kuna nini?"

Baba hakuwa na jibu, na kwa bahati nzuri hakulitafuta. Musi aliinua kichwa, akarudi kula.

"Na kitu kingine," kijana alisema, safari hii kwa haraka kama mtu aliyekuwa amekihifadhi muda mrefu. "Alama zangu unaziona kwenye simu kabla mimi sijafika nyumbani. Kwa nini unapiga kuniuliza?"

"Nataka kujua unaendeleaje."

"Si unajua tayari. Umeshaona 58. Unataka niseme 58."

"Sasa nikuulize nini?"

"Sijui, baba. Chochote."

Walikaa hapo kama dakika 20. Hawakuzungumza zaidi kuhusu hilo. Kijana aliuliza klabu ya Moshi ilikuwaje, akaambiwa kuhusu mlima unaojitokeza alfajiri na kufunikwa na mawingu saa nne, kuhusu bwana mmoja aliyempa viatu vilivyotumika na mwingine aliyemtuma kutafuta mpira kwenye siafu. Alicheka pale kwenye siafu. Akauliza kama kweli hakuwahi kupiga hata mara moja. Mara moja, baba alisema, jioni, wakati hakuna mtu, kwa tawi la mti.

Musi alipoondoka, mzee alisema waendelee. Kuanzia hapo baba alibeba mkoba na kijana akapiga, na hakuna aliyelalamika kuhusu mpango huo. Lakini shimo la tisa kijana alimpa fimbo. "Hili piga wewe. Lote."

Baba alipiga. Alipiga majani, akapiga mchanga, akapiga mpira mmoja mzuri ajabu uliokwenda juu na kuning'inia mbele ya mlima hata mzee akapiga mluzi, kisha akaharibu tena. Walipofika mwisho kijana alikuwa ameshika kadi na kalamu.

"Andika nane," baba alisema.

"Ni 11."

"Ule wa kwanza haukuhesabika."

"Baba."

"Andika 11."

Jumapili jioni saa zake 34 zilikuwa zimekwisha. Alipandisha korongo gizani na mzigo mwingine, akapita Mountain Dell bila kuona kitu isipokuwa weusi upande mmoja wa barabara. Jumatatu alilala Nebraska. Kabla ya kupiga simu alifungua ile programu ya shule, kama kawaida yake. Hesabu: 61. Aliifunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kimya. Baba alisikia vyombo vikigongana jikoni, runinga kwa mbali, mdogo wake akigombana na mtu. Alitafuta neno. Kwa miaka minane hakuwahi kulihitaji.

"Umekula nini?" aliuliza.

Kijana alicheka kwenye simu. "Wali. Mama ameuunguza."

Nyuma, mama akakana kwa sauti kubwa.

"Umeungua sana au kidogo?" baba aliuliza, akavua viatu na kujinyoosha kitandani mwa lori, maana jibu lilionekana litakuwa refu.