Mchagua Jembe na Chuma cha Kulehemia

Wazee wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Shambani maneno hayo ni ya kweli, kwani mvivu hakosi sababu: leo mpini ni mrefu, kesho jembe ni butu, hata mvua ikampita. Nasi tulilelewa kwa mithali hiyo, na darasani tumeifundisha mara nyingi. Lakini iko kazi moja ambayo mithali hiyo ilituponza, tukaharibu mali ya mtu asiye na mali nyingi. Twapenda kuwasimulia habari hiyo, si kwa kujisifu, maana haina sifa, bali ili mwenzetu atakayeshika kazi hiyo asijikwae pale tulipojikwaa sisi.

Kijijini kwetu, katika milima ya Usambara, yuko bibi mmoja mjane, jirani wa shule. Marehemu mumewe alimwachia redio ndogo, na kwa redio hiyo bibi husikia habari za ulimwengu, na matangazo ya vifo, na nyimbo za kwaya siku ya Jumapili, kwani miguu yake haimfikishi tena kanisani. Siku moja redio ikanyamaza. Akatuletea imefungwa katika kanga, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, nitazamie." Watu hudhani ya kuwa mwalimu ajua yote, na kosa letu la kwanza lilikuwa kutomwambia ya kuwa sivyo.

Tulipoifungua tukaona waya mmoja mwekundu, utokao kwenye nyumba ya betri, umeachana na kibao cha ndani, kile chenye njia nyembamba za shaba. Tukasema moyoni, Kumbe ni jambo dogo! Tukaenda kwa fundi bati wa kijiji, atengenezaye vibatari na ndoo, tukaazima chuma chake cha kulehemia, yaani kile kipande kikubwa cha shaba kinachopashwa moto katika makaa. Tukaazima na lehemu yake, na kichupa cha maji makali anayopaka juu ya bati kabla ya kulehemu. Fundi bati akauliza, "Ni kazi ya redio, Mwalimu? Mimi sijapata kukitumia chuma hiki kwa redio." Nasi tukamjibu kwa ile mithali ya jembe, akanyamaza.

Tukalehemu. Moshi ulikuwa mwingi, na kibao kilibadilika rangi kidogo, lakini redio ikaimba. Bibi akafurahi sana, akatuletea mayai matano, nasi tukayala.

Haukutimia mwezi, redio ikanyamaza tena. Safari hii hatukuthubutu kuifungua. Tukaichukua mpaka Lushoto kwa fundi wa redio. Akaifungua, akaitazama kwa kioo cha kukuzia asiseme neno. Kisha akauliza, "Mwalimu, ni nani aliyeishika redio hii?" Ulimi wetu ulitaka kusema ya kuwa hatumjui. Lakini tukakumbuka watoto tuliowaadhibu kwa uongo mdogo kuliko huo, tukakiri ya kuwa ni kazi ya mikono yetu.

Fundi hakucheka. Alitupa kile kioo tutazame wenyewe. Pale tulipolehemu palikuwa na kutu ya kijani, na waya ulikuwa umeliwa hata ukabaki kama unywele. Kando yake njia mbili za shaba zilikuwa zimebanduka juu ya kibao kama gome la mti mkavu. Akasema, "Kutu ni kazi ya yale maji makali, maana ni tindikali, hayakuisha siku ile uliyolehemu, yaliendelea kula. Na kubanduka huku ni kazi ya kile chuma kikubwa. Ndoo yataka moto mwingi, kwa sababu bati lake ni pana na lapoteza joto upesi. Kibao cha redio ni kidogo, na njia zake zimegandishwa kwa gundi; gundi ikiungua, njia hubanduka." Ndipo tulipofahamu ya kuwa yule fundi bati alijua mpaka wa chombo chake, na sisi tuliosoma hatukuujua.

Mchana ule wote fundi alitufundisha kuchagua, nasi twaandika hapa tuliyoyashika, pamoja na tuliyoyaona baadaye kwa kazi yetu wenyewe.

Kwanza ni chuma. Kwa redio, taa za jua na vitu vya namna hiyo chafaa chuma cha umeme. Wati zake si kipimo cha ukali wa moto. Ni kipimo cha wepesi wa chuma kurudisha joto lililotoka. Chuma cha kawaida kisicho na kipimo cha joto chafaa kiwe cha wati 25 hadi 40. Kikipungua sana, kikigusa shaba nene hupoa, nawe hukaa juu yake muda mrefu ukingoja lehemu iyeyuke, na kumbe muda huo ndio unaounguza kibao. Kilicho bora ni chuma cha wati 60 hivi chenye kigurudumu cha kuweka joto, kwani hukaa katika joto ulilokiamuru, na kikigusa kitu kinene hujirudisha upesi. Kwa kazi nyingi joto la nyuzi 350 za sentigredi latosha. Bei yake ni kubwa kuliko ya kile cha kawaida, lakini mwenye kazi ya kila juma hatajuta.

Pili ni ncha. Sisi tulidhani ya kuwa kazi ndogo yataka ncha kali kama sindano. Sivyo. Joto hupita kwa upana wa mahali panapogusana, basi ncha iliyo bapa kama patasi, yenye upana wa milimita 2 au 3, hufanya kazi nyingi vizuri kuliko sindano. Na ununuapo chuma, uliza kama ncha zake za akiba zapatikana, maana ncha huisha. Ncha za siku hizi ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya chuma. Ukiipiga tupa ili ing'ae, umeivua nguo, na lehemu itaila shaba upesi. Ifute tu kwa sponji lenye unyevu, na kabla ya kuzima umeme uipake lehemu mpya iilinde.

Mahali pasipo na umeme wa nguzo, viko vyuma vya volti 12 vinavyotumia betri ya sola. Lakini jueni ya kuwa chuma cha wati 40 hunywa zaidi ya ampea 3 katika betri hiyo, basi msikiache kinawaka huku mkizungumza.

Tatu ni lehemu yenyewe, na hapa ndipo penye hatari ya kudanganyika, kwa kuwa machoni zote ni waya mweupe tu. Ile ya kazi ya umeme ina tundu ndani yake, na tundu hilo limejazwa utomvu mkavu wa misonobari. Utomvu huo huyeyuka kwanza, ukasafisha shaba, ndipo lehemu ikashika. Tena hauli waya baada ya kazi kwisha. Iko nyingine iliyojazwa tindikali, kwa ajili ya mabomba na mabati. Hiyo isiingie kamwe katika redio. Soma karatasi yake, na kama haina karatasi, usiinunue.

Tena kuna michanganyiko. Ya zamani ni bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwa nyuzi 232, na risasi peke yake kwa nyuzi 327, lakini zikichanganywa sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwa nyuzi 183 tu, tena huganda mara moja. Ile ya sehemu 60 kwa 40 huanza kuyeyuka hapo hapo, lakini haiwi maji kabisa mpaka nyuzi 190 hivi. Kwa hiyo katika kuganda hupita hali ya uji, na mkono ukitikisika wakati huo kiungo hupata ufa usioonekana. Mwenye kujifunza na achague ile ya 63. Unene wa milimita moja au pungufu wafaa.

Iko na lehemu isiyo na risasi. Tangu tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa kwao, na viwanda vingi duniani vikafuata. Lehemu hiyo ni bati karibu tupu, pamoja na shaba kidogo, na pengine fedha kidogo. Yataka moto zaidi, maana huyeyuka kwa nyuzi 217 hadi 227, na kiungo chake haking'ai sana hata kikiwa kizuri. Yule fundi aipenda ile ya risasi kwa wepesi wake. Lakini risasi ni sumu, na sumu hiyo huingia kwa mkono unaokwenda kinywani, tena yawadhuru watoto kuliko wazima. Basi sisi tulipotaka kuwafundisha wanafunzi kutengeneza taa za sola, tulikaa tukipima: nyepesi yenye sumu, au ngumu na ghali isiyo na risasi? Tukachagua ile ngumu. Mtoto aharibuye viungo kumi hujifunza cha kumi na moja. Mwenye sumu mwilini atajifunza nini? Hata hivyo vyombo vya zamani wanavyovifungua vina risasi, kwa hiyo kila mmoja hunawa mikono kwa sabuni amalizapo, wala hawali mezani pale. Nao hukaa karibu na dirisha, kwa kuwa moshi wa utomvu huchokoza kifua, hasa cha mwenye pumu. Betri ya lithiamu hatuwaruhusu kuilehemu, kwani moto waweza kuipasua.

Sasa twarudi kwa redio. Fundi alifuta ile kutu, akaunga uzi mwembamba wa shaba mahali pa kila njia iliyobanduka. Alipasha waya na shaba kwa pamoja, akagusisha lehemu pale penye kazi, si juu ya chuma, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu akainua mkono. Redio ikasema. Lakini masafa mafupi hayakurudi, na bibi alizoea kusikiliza huko usiku.

Tukamrudishia, tukamweleza yote, ya kuwa mara ya kwanza redio ilikuwa na waya mmoja tu uliotoka, na madhara mengine ni yetu. Bibi akaizungusha redio mikononi mwake kitambo, kisha akauliza, "Na mayai yangu je, Mwalimu?"

Jioni ile tukampelekea kuku.

Kisha tukaenda kwa fundi bati kumwomba radhi. Akasema, "Mimi nilidhani waliosoma wanajua jambo nisilolijua." Maneno hayo yalituuma kuliko ya bibi. Sasa chuma chetu cha umeme kinakaa katika kabati la shule, na chake kinakaa katika makaa yake. Akiletewa redio huwatuma watu kwetu, nasi tukiletewa ndoo huwatuma kwake. Na mithali ya jembe twaifundisha bado, ila mtoto akiuliza kama ni ya kweli siku zote, twamwambia aende akamwulize bibi.