Kitufe cha Kurudi Nyumbani

Mwezi uliopita nilimaliza kampeni iitwayo Chronicles of the Second War: Tides of Darkness. Nimeichezea hapa Kibondo, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Sikuimaliza kwa sababu nina muda mwingi. Niliimaliza kwa sababu kuna mtu alinituma.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Warcraft ni mchezo wa mkakati wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Wa kwanza ulitoka 1994, wa pili 1995, wa tatu 2002. Unaitazama ramani kutoka juu kama ndege. Una vibarua, wanachimba dhahabu na kukata mbao. Unajenga kambi, unafundisha askari, unakwenda kumpiga jirani. Upande mmoja ni binadamu na wenzao, wanaitwa Muungano (usifikirie wetu wa Tanganyika na Zanzibar). Upande wa pili ni Horde, yaani maorki, watu wa kijani wenye meno ya nje, waliovuka kutoka dunia nyingine kupitia Lango la Giza.

Mwaka 2020 Blizzard waliutoa upya ule wa tatu kwa jina la Reforged, na wachezaji wengi walilalamika kwamba waliahidiwa ng'ombe wakaletewa kwato. Lakini ndani ya mchezo huo kuna karakana: mtu yeyote anaweza kutengeneza ramani na hadithi zake. Wapenzi wa mchezo, wakiongozwa na mmoja anayejiita InsaneMonster, wakakaa humo na kuujenga upya ule wa pili, wa 1995, kwa vifaa vya kisasa. Wanautoa bure. Ndiyo kampeni ninayoizungumzia.

Sasa huyo aliyenituma.

Mwaka 2010 mjomba alikuwa na kibanda pale Makere, Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu. Alichaji simu, alitoa fotokopi, na alikuwa na kompyuta moja nzito yenye Warcraft III ambayo mtu aliileta kwenye flashi kutoka Kigoma mjini. Mimi nilikuwa nashinda pale nikitoka shule. Siku za soko alikuja kijana mmoja wa rika langu kutoka kambini, Mkongo wa Fizi, na simu nne tano za majirani zake mfukoni. Alitakiwa kuwa na kibali kutoka nje ya kambi. Wakati mwingine alikuwa nacho. Simu zilichukua saa mbili tatu kujaa chaji, na katika saa hizo tulicheza.

“Weye chukua binadamu,” alikuwa akisema. “Miye nachukua hawa.”

Sikuzote maorki. Nilidhani ni kwa sababu wana nguvu. Siku moja nikamuuliza, akanishangaa kama mwalimu anavyomshangaa mtoto asiyejua jedwali la mbili. Hukusikiliza hadithi? Hawa walishindwa vita wakafungiwa kambini. Halafu wakatoka, wakapanda merikebu, wakavuka bahari.

Yeye alivuka ziwa mwaka 1996, mgongoni mwa mama yake, mwaka uleule Nyarugusu ilipofunguliwa. Hakukumbuka chochote cha Kongo. Alijua jina la kijiji, na jina la mto ambao mama yake aliutaja kila maji ya bombani yalipokatika. Alicheza vizuri kuliko mimi, ila kila akishinda aliisogeza kamera huku na huku pembezoni mwa ramani, akitafuta kitu. Nikamwambia imekwisha, umeshinda. Akasema, “Najua. Kitufe cha kurudi nyumbani kiko wapi?”

Tulicheka sana. Ikawa utani wetu.

Mwaka 2014 familia yake ilipata nafasi ya kwenda Marekani. Mwaka uliofuata Burundi ikachafuka na watu wakaingia kwa maelfu. Nyarugusu ikapita watu 150,000, na huku Kibondo kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Mimi nikaenda chuo, nikapangiwa kazi huku. Tulibaki kutumiana salamu za sikukuu. Mwaka huu ndiyo akaniandikia: kaka, nimekununulia Reforged, kuna kampeni watu wameitengeneza, icheze mpaka mwisho halafu uniambie.

Mchezo mzima ni kama GB 30. Kwa bando la huku, ungeisha nikiwa mzee. Nilipanda basi hadi Kigoma, nikalala kwa ndugu mwenye intaneti ya maana, nikarudi na laptopu nimeikumbatia kama trei ya mayai kwenye vumbi jekundu la barabara.

Niseme uzuri wake. Kwanza, unaongoza pande zote mbili, kama ilivyokuwa 1995. Ukiwa Horde unavamia vijiji vya Hillsbrad na kumkomboa Zul'jin, kiongozi wa matroli aliyetekwa na binadamu. Kisha ukiwa Muungano unavilinda vijiji vilevile. Nyumba uliyoichoma jana, leo unaipigania. Mchezo haukuhubirii, unakuacha uone aibu mwenyewe. Pili, merikebu. Warcraft III ilikuwa mchezo wa nchi kavu zaidi. Hawa jamaa wamezirudisha vita za majini, na kupanga safari ya kuvusha askari bila kuzamishwa njiani kunataka akili. Tatu, inaonekana ni kazi ya watu wanaoipenda hadithi hiyo.

Ubaya nao upo. Misheni nyingi zinaanza kwa ratiba ileile: dhahabu, mbao, kambi, jeshi. Ukicheza mfululizo unachoka kama kibarua mwenyewe. Na laptopu ya kawaida itapiga kelele kama mashine ya kusaga. Ila kubwa kwangu ni mwisho, na hapo siwalaumu watengenezaji, wamefuata hadithi ilivyo. Muungano unashinda, Lango la Giza linabomolewa, na maorki waliobaki upande huu hawana tena njia ya kurudi walikotoka. Ushindi. Baada ya hapo, hadithi ya Warcraft inasema walikusanywa kwenye kambi zenye ulinzi. Wafalme wakatoza kodi ya kuziendesha. Miaka ikaenda, watawala wengine wakachoka kulipa, Gilneas na Stromgarde wakajitoa kwenye Muungano. Ndani ya kambi maorki wakapooza, wakakaa tu. Miaka ile husimuliwa, mchezaji haiongozi. Mchezo wa 2002 ulipoanza, Thrall alikuwa ameshawatoa.

Mimi nimekulia katika sehemu ile wanayoiruka.

Nimewasikia watu wazima wa kwetu wakisema maneno ya Gilneas kabisa: hawa watakaa mpaka lini, kuni zimekwisha, nani analipa. Hao hao ndio waliouza muhogo na mkaa kwenye soko la pamoja, na lilipofungwa walilia njaa pamoja na wakimbizi. Kiha chetu na Kirundi chao ni mtu na mdogo wake. Tunagombana tukielewana kila neno. Haya hayawezi kuwa misheni. Hakuna adui wa kubofya. Huwezi kutuma kibarua wa kijani akapange foleni ya mgao wa unga, wala akasubiri jina lake libandikwe ubaoni kwa miaka kumi na minane.

Najua mfano wangu una tundu. Maorki walikuja kuvamia. Rafiki yangu alikuja akinyonya. Nilimwandikia hivyo hivyo, nikamwambia mfano haufai, wewe hukumpiga mtu. Akajibu kwa sauti, nyuma nasikia mashine za kiwandani anakofanya kazi usiku:

“Kaka, miye sikuwapenda kwa vita. Niliwapenda kwa sababu mule ndani ya kompyuta, mtu aliyekuwa kambini alikuwa na jina na alikuwa na mahali anaenda.”

Kisha akauliza kama Makere bado pana kile kibanda. Nikamwambia mjomba alishafunga, siku hizi kila mtu ana sola yake. Akanyamaza kidogo. Akasema akipata uraia na likizo atakuja, atashukia Kigoma, apande basi mpaka Makere kwanza. Fizi baadaye, kukitulia.

Kwa hiyo hukumu yangu: kama una mashine inayovumilia na mtu wa kukuvushia GB 30, icheze. Ni kazi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Anza na Horde, usiruke simulizi za katikati. Na ukifika mwisho, maneno ya ushindi yakiwa kwenye kioo, usiizime haraka. Sogeza kamera pembeni kidogo, kule walikobaki walioshindwa. Mimi nilifanya hivyo. Kitufe sikukiona, lakini nilimpigia simu nikamwambia nimekitafuta.