Nairobi: Udongo Mwekundu na Udongo Mweusi

Mkulima ashukaye katika stesheni ya Nairobi kwa mara ya kwanza aghalabu hutazama juu, kwenye maghorofa. Ingemfaa zaidi kutazama chini ya miguu yake. Maana mji ule, kabla haujapangwa na mafundi wa ramani, ulikwisha kupangwa na udongo, na mtu ajuaye jembe ataufahamu upesi kuliko karani aliyekaa humo miaka ishirini.

Upande wa magharibi nchi inapanda kwenda vilimani. Udongo wake ni mwekundu, maji ya mvua hupenya, misingi ya nyumba hukaa imara, na miti hustawi. Upande wa mashariki ni uwanda wa udongo mweusi, ule unatao kama ulimbo wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi hata mtu aweza kutia mkono ndani ya nyufa zake. Nyumba iliyojengwa juu yake bila ya msingi wa kwenda chini sana hupasuka kuta, na choo cha shimo hujaa maji. Baada ya kusema hayo, hapana haja ya kuuliza ni nani aliyepewa upande upi.

Reli ilifika pale mwezi wa Mei mwaka 1899, maili zipatazo 327 kutoka Mombasa. Wahandisi hawakuwa wakitafuta mahali pa mji mkuu. Walitaka uwanja ulio sawa wa kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuupanda mlima, na maji ya mto ambao Wamasai waliuita kwa ubaridi wake. Kwa kazi ya reli palifaa sana. Kwa makazi ya watu palikuwa kinamasi. John Ainsworth, aliyehamisha ofisi yake kutoka Machakos mwaka ule ule, alipanda mikaratusi ili inyonye maji. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na soko likachomwa moto. Madaktari walishauri mji uhamishwe, lakini fedha nyingi zilikwisha kutumika, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakaletwa huko huko kutoka Mombasa. Mtu akiisha kuchimba kisima mahali pabaya huona haya kukifukia.

Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, alitoa shauri kwamba kila taifa likae mtaa wake mbali na wenzake. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa kutenga makazi mijini hakutakuwa sheria. Lakini hati za viwanja zilikuwa na masharti ya kukataza kuuza au kupangisha kwa mtu asiye Mzungu, na kazi iliyoachwa na sheria ikafanywa na hati.

Juu ya udongo mwekundu akajenga Herbert Baker, yule aliyejenga majumba ya serikali Pretoria na kufanya kazi pamoja na Lutyens huko New Delhi. Nyumba ya Gavana, ambayo sasa ni Ikulu, ni kazi yake, na shule kubwa ya wavulana wa Kizungu iliyofunguliwa mwaka 1931 vile vile. Yafaa kusema kweli: ni majengo mema. Nguzo zake na baraza zake ndefu huleta kivuli, na upepo hupita. Fundi yule alilifahamu jua la Afrika, ijapokuwa wenyeji wa jua hilo hawakualikwa kukaa kivulini.

Wao walikuwa mashariki. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na humo Waafrika walijenga kwa fedha zao nyumba za namna ya pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo waandishi wa ramani hawakulitazamia. Walakini kuta zilikuwa zao, ardhi haikuwa yao. Na waliokaa Pangani, kijiji cha zamani zaidi, walivunjiwa nyumba zao mwishoni mwa miaka ya 1930 wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina hilo lilitokana na jibu walilopewa walipouliza waende wapi.

Vyumba vya wafanya kazi vilipimwa kwa mtu mmoja na kitanda chake, na mshahara vivyo hivyo. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako shambani, wanalima. Wasomaji wengi walilelewa katika hesabu hiyo, wakimwona baba zao mara moja au mbili kwa mwaka.

Mpango mkuu wa mwaka 1948, uliotungwa na Thornton White, Silberman na Anderson kutoka Afrika ya Kusini, ulisema kuwa hauingii katika ugomvi wa mataifa, bali wapima haja za binadamu tu. Ulipendekeza mitaa midogo, kila mmoja na shule yake, maduka yake na uwanja wake. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka hiyo hiyo, yaonyesha fikira hiyo ilivyoweza kuwa njema: nyumba za mawe, ukumbi katikati, na mahali pa mke na watoto. Lakini mpangaji alibaki mpangaji.

Baada ya mwaka 1963 mwenye fedha wa rangi yo yote aliweza kuhamia magharibi, na wengi walihamia. Asiyenazo aliendelea kufikia mashariki. Na mkulima yule aliyeshuka garimoshi, akienda kumtazama mwanawe huko wakati wa masika, hukuta kipande cha chuma kimewekwa mlangoni, naye husimama kwa mguu mmoja akikwangua matope meusi ya viatu vyake kabla ya kupiga hodi.