Muuza Vitambaa wa Delft

Shuleni tulifundishwa majina ya Waflandria na Waholanzi mashuhuri kama mtu anavyofundishwa majina ya mito: Mercator mchora ramani, Vesalius mchunguzi wa mwili wa binadamu, Rubens na Rembrandt wachoraji, Tasman baharia. Tuliyakariri, na baada ya mtihani tukayasahau. Wapendwa vijana, leo tungependa kukaa na mmoja tu, ambaye hata hakuwa msomi: Antonie van Leeuwenhoek. Tunamchagua kwa sababu katika makundi yetu husikika mara kwa mara swali hili: “Mimi sina diploma, nani atanisikiliza?”

Mwaka 1632, kwa muda wa siku chache tu, watoto wawili walibatizwa katika mji wa Delft, Uholanzi. Mmoja alikuwa mwana wa mfuma vikapu. Huyo ndiye Antonie. Mwingine, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, alikuwa Johannes Vermeer, atakayechora mwanamke akimimina maziwa kwa utulivu ambao watu hawajachoka kuutazama hadi leo. Vermeer alioa katika jamaa ya Kikatoliki, wakati ambapo Wakatoliki wa nchi ile walisali katika nyumba zilizofichika. Alifariki mwaka 1675, akiwa na umri wa miaka 43, akiacha watoto kumi na mmoja na madeni mengi. Mjane wake ilimbidi amwachie mwoka mikate picha mbili kwa ajili ya deni la florini 617. Mnamo Septemba 1676 mji ulimteua mtu wa kusimamia mali iliyobaki, naye hakuwa mwingine ila Antonie. Mwezi uliofuata, muuza vitambaa huyo aliandika barua iliyobadili elimu ya uhai.

Wauza vitambaa walizoea kuhesabu nyuzi kwa kioo cha kukuzia. Yeye hakutosheka na kioo hicho. Alijitengenezea lenzi ndogo mno, akaibana kati ya vibati viwili vya shaba au fedha, akaishika karibu kabisa na jicho, akitafuta mwanga. Hadubini zake zilitoshea kiganjani, na mojawapo ya zile zilizobaki hukuza kitu takriban mara 270. Kisha alitaka kujua jambo ambalo mtoto yeyote angeweza kuuliza: kwa nini pilipili manga huwasha ulimi? Alidhani ina miiba midogo. Akailoweka katika maji kwa majuma kadhaa, akatazama. Miiba hakuiona. Aliona viumbe hai visivyohesabika vikiogelea, vingine vidogo hivi kwamba mia moja vikipangwa mstari visingefikia urefu wa punje ya mchanga.

Barua ile ya Oktoba 1676 aliipeleka Royal Society, chama cha wataalamu wa sayansi cha London. Aliiandika kwa Kiholanzi, kwa kuwa hakujua Kilatini wala lugha nyingine ya wasomi. Wataalamu walisita kumwamini, na tunaona walikuwa na haki: neno geni halipokelewi kwa sababu tu msemaji ana hakika. La kupendeza ni jinsi alivyojibu. Hakununa, wala hakulalamika kwamba anadharauliwa. Aliwaita watu wanane, wakiwemo wachungaji na mwandishi wa hati za serikali, wakatazama wenyewe, na ushuhuda wao wa maandishi akautuma London. Mwaka 1677 Robert Hooke alirudia jaribio hilo, akaviona viumbe vile. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mshiriki wa chama.

Hata hivyo, hatutaki kumpamba kupita kiasi. Hadubini zake bora hakumwonyesha mtu, na siri ya utazamaji wake aliificha. Mwanafalsafa Leibniz alipomshauri awafundishe vijana, alikataa: aliona wengi hutafuta elimu kwa ajili ya fedha au sifa. Labda kuhusu wengi hakukosea. Lakini kwa hofu ya wengi alimnyima hata yule mmoja ambaye angeweza kumrithi. Alifariki mwaka 1723, na miaka zaidi ya mia moja ikapita kabla Pasteur na Koch hawajathibitisha kwamba baadhi ya viumbe vidogo namna ile huua watu. Kijidudu cha kolera ni kimojawapo, na sisi tuishio kandokando ya maziwa tunajua kila mwaka nini maana ya kunywa maji ambayo jicho linayaona safi. Hatusemi kwamba siri yake peke yake ndiyo iliyochelewesha elimu hiyo. Tunasema tu kwamba mlango aliufungua, kisha akausimamia.

Alipokufa, binti yake Maria alituma London sanduku la hadubini 26 za fedha alizozirithisha chama kile. Katika karne ya 19 zikapotea, na hazijaonekana tena. Lakini mwaka 1981, mtafiti mmoja alipofungua barua za zamani za Antonie, alikuta vibahasha vidogo vimebandikwa kwenye karatasi. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya mimea alivyovikata kwa wembe wa kunyolea ndevu, ili wasomi wa London wasitegemee maneno yake tu. Vilikuwa bado vizima.